Mlima, Mto na Jangwa Mikononi mwa Mtoto: Namna ya Kuwafundisha Wadogo Maumbo ya Dunia

Mtoto wa miaka mitano anaweza kukuimbia kwamba Everest ndio mlima mrefu kuliko yote, Naili ni mto mrefu, Sahara ni jangwa kubwa, na bado asijue mlima hutokana na nini wala mto unakwenda wapi. Amebebeshwa majina matupu. Mwaka ukipita, majina hayo huchanganyika na mengine kisha hupotea, kwa sababu hayakushikamana na chochote alichokiona au kukigusa.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Mtoto aione kwanza kazi iliyotengeneza umbo, aifanye kwa mikono yake mwenyewe, na jina lije mwishoni. Kazi zenyewe si nyingi. Ardhi husukumwa ikakunjamana, huvutwa ikapasuka, hutema moto. Maji huchimba hapa na kutua mzigo kule. Upepo hupeperusha, barafu hukwangua, na viumbe hai nao hujenga. Mtoto aliyezishika hizo ataweza kutazama picha ya mahali asipopajua kabisa na kukisia, kwa sababu za maana, pametokeaje kuwa vile.

Hatua hizi zinawafaa watoto wa miaka minne hadi minane hivi. Usizimalize kwa siku moja. Umbo moja kwa wiki linatosha, na lile watakalolipenda lirudiwe mara nyingi watakavyo.

Vifaa vya kuandaa

Tafuta trei pana au sinia yenye kingo, nusu ndoo ya mchanga safi, donge la udongo wa mfinyanzi, taulo mbili nene, chupa mbili tatu za plastiki, kamba ndefu, mirija, chumvi, yai bichi, karatasi ngumu na makombe machache ya baharini (ukikosa makombe, kata vipande vya karatasi uvichore). Tufe likipatikana ni vizuri sana. Lisipopatikana, mpira uliochorwa mabara kwa kalamu unatosha. Fanyieni kazi nje, au mahali panapofutika kwa urahisi, na watoto wavae nguo za kuchafukia. Somo hili haliwezekani kwa mtoto anayeogopa kugombezwa kwa tope.

Hatua ya 1: Anzeni chini ya miguu yao

Kabla ya picha yoyote ya mbali, tokeni nje baada ya mvua. Pale maji yalipopita kuna vijifereji. Fereji likifika mahali tambarare, mchanga umetawanyika kwa umbo la kipepeo cha kupepelea moto au mkono uliokunjuliwa vidole. Penye jiwe, maji yamezunguka. Penye nyasi, udongo umebaki ulipokuwa. Uso wa dunia unatengenezwa hapo hapo, kwa kipimo kidogo.

Uliza swali moja tu na ulirudie kila mahali: "Hiki kimefanywa na nini?" Watoto wengi watajibu, "Mungu." Usibishane nao. Uliza tena, "Na kimefanywa kwa kutumia nini?" Hapo ndipo wanapoanza kutazama. Mwingine atasema maji, mwingine gari, mwingine kuku. Majibu yote hayo yanaweza kuwa sahihi, na kuku kweli huchimba ardhi.

Hatua ya 2: Sukumeni ardhi mpaka iwe mlima

Tandaza taulo mbili juu ya meza, moja juu ya nyingine. Waambie watoto hapa ni chini ya bahari, kisha wapange makombe juu yake. Sasa watoto wawili wakae pande mbili za meza, waweke viganja kwenye ncha za taulo na kusukuma polepole kuelekeana. Taulo itakunjamana, mikunjo itainuka, na baadhi ya makombe yatajikuta juu kileleni.

Nyamaza kidogo hapo. Mtoto mmoja atasema kwa mshangao kwamba kombe la baharini limepanda mlimani. Sasa wape habari ya kweli: kipande cha ardhi chenye India kilisogea kaskazini, kikagongana na bara la Asia karibu miaka milioni 50 iliyopita, na mikunjo iliyoinuka ndiyo milima ya Himalaya. Everest, wenye mita 8,849, una mwamba wa chokaa kileleni, na ndani ya mwamba huo mna mabaki ya viumbe walioishi baharini. Msukumo haujakoma. Milima hiyo bado inainuliwa, milimita chache kwa mwaka.

Mtoto wa miaka minne hahitaji kusikia habari ya mabamba ya ardhi. Mwambie kwamba ngozi ya dunia imegawanyika vipande vikubwa, na vipande hivyo husogea polepole mno, kiasi kwamba huwezi kuviona vikienda. Akifika miaka saba au minane, neno "bamba" linaweza kuingia.

Hatua ya 3: Vuteni ardhi mpaka ibonyee

Watoto wakishajua kusukuma, wao wenyewe watauliza kuhusu kuvuta. Weka karatasi mbili ngumu zigusane kingo, tandaza juu yake mchanga uliolowa kidogo, unene wa vidole viwili, na uusawazishe. Kisha vuta karatasi moja huku na nyingine kule, taratibu. Katikati mchanga utapasuka na kutitia, kingo mbili zitabaki zimesimama. Hilo ni bonde la ufa.

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki limetokea hivyo, na bado linatanuka kwa milimita chache kila mwaka. Mimina maji ndani ya ufa wa mchanga uone yanavyokusanyika. Ndiyo maana maziwa mawili yenye kina kirefu kuliko yote duniani yamekaa katika mabonde ya ufa: Baikal huko Siberia, lenye mita 1,642, na Tanganyika, lenye mita 1,470 hivi. Mwalimu akiwapa watoto takwimu hizi kabla ya jaribio, ni namba tu. Akizitoa baada ya maji kujaa ufa, watoto wanauliza wenyewe lipi linashinda.

Hatua ya 4: Volkano, lakini si ya povu peke yake

Jaribio la siki na soda ya kuokea mikate linajulikana kila mahali. Ni la kufurahisha na silipingi, ila kwa maoni yangu linafundisha kidogo kuliko tunavyodhani. Mtoto anatoka akiamini kwamba volkano ni povu linalomwagika kutoka kwenye mlima uliokuwepo tayari. Jambo kubwa zaidi linakosekana: volkano hujijenga yenyewe kwa kile inachokitoa.

Fanya hivi badala yake, au pamoja na lile. Kunja karatasi iwe koni yenye tundu dogo, jaza mchanga mkavu, uache umiminike mahali pamoja. Mchanga utajirundika, utaporomoka pembeni, utajirundika tena. Kilima kinakua huku mteremko wake ukibaki ule ule. Mpe kila mtoto zamu yake ya kumimina, nao waone kilima hakikuwepo na sasa kipo.

Kisha wasimulie habari ya Parícutin. Tarehe 20 Februari 1943, huko Mexico, mkulima Dionisio Pulido alikuwa shambani kwake ardhi ilipopasuka na kuanza kutoa moshi, majivu na mawe ya moto. Mwaka haujatimia, pale palipokuwa shamba palikuwa na kilima cha zaidi ya mita 300. Volkano ilinyamaza mwaka 1952, ikiwa na mita 424 kutoka usawa wa shamba. Habari ya pili ni ya Surtsey. Mnamo Novemba 1963, baharini kusini mwa Iceland, wavuvi waliona moshi ukitoka majini, na punde kisiwa kipya kikaibuka. Kiliendelea kutema moto hadi 1967, kisha mimea na ndege wakaanza kuhamia. Mpaka leo watu hawaruhusiwi kukanyaga pale isipokuwa wanasayansi wachache wanaotazama namna uhai unavyoingia mahali papya.

Kwa nini lava hupanda? Chukua chupa ya soda, itikise, kisha fungua kifuniko kidogo, nje, mbali na nyuso. Gesi iliyokuwa imejificha ndani ya kinywaji inatafuta njia ya kutoka na kukisukuma kioevu. Ndani ya mwamba ulioyeyuka pia kuna gesi, na kazi yake ni hiyo hiyo.

Watoto hufurahi pia kusikia kwamba volkano hazifanani. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava nyeusi yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na lava hiyo ikishapoa na kukutana na unyevu hugeuka nyeupe. Na waonyeshe picha ya Kilimanjaro. Milima ya kukunjamana hujipanga safu kwa safu. Mlima mkubwa uliosimama peke yake katikati ya uwanda mara nyingi ni volkano, na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mmojawapo.

Hatua ya 5: Maji, mhandisi mkuu

Hapa usiwe na haraka. Kama una nafasi ya somo moja tu, liwe hili.

Inua upande mmoja wa trei kwa unene wa vitabu viwili. Tandaza mchanga wenye unyevu kwenye theluthi mbili za juu, uushindilie kidogo kwa kiganja. Theluthi ya chini iachwe tupu, hiyo ni bahari. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa, jaza maji, na uache yadondoke juu kabisa, mahali pamoja, mfululizo lakini taratibu. Waambie watoto mikono iwe nyuma. Hii ndiyo sehemu ngumu kwao, na ndiyo yenye faida.

Mwanzoni hakuna kinachotokea. Mchanga unakunywa. Watoto watalalamika kwamba haifanyi kazi. Subirini. Mchanga ukishiba, uso wake unang'aa, na ghafla uzi mwembamba wa maji unateremka. Sekunde chache baadaye uzi umekuwa mfereji. Kingo zake zinaanza kukatika: kipande kinaning'inia, kinapata ufa, kinaanguka ndani, maji yanakizunguka kidogo kisha yanakibeba. Chini kabisa, kwenye ukingo wa bahari, mchanga unatua na kutanuka kwa umbo la kipepeo lile lile waliloliona nje baada ya mvua. Mara nyingi kuna mtoto atakayelitambua bila kuambiwa.

Maswali ya kuuliza wakati huo ni mawili. Mchanga uliotoka huku juu umekwenda wapi? Na kwa nini maji yameuangusha pale chini, hayakuubeba zaidi? Jibu la pili ni kwamba maji yakipunguza mwendo hupungukiwa nguvu za kubeba. Ardhi iliyotandikwa na mto namna hiyo mdomoni mwake huitwa delta, na ile ya Naili inapoingia Mediterania inaonekana wazi hata kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Sasa ndipo pa kuwaonyesha.

Likishamalizika hilo, badilisheni jambo moja moja. Inua trei zaidi: mto unanyooka na kuchimba kwa kasi. Ishushe: mto unaanza kupindapinda. Funika nusu ya mchanga kwa nyasi na majani na uache nusu nyingine wazi, kisha mnyunyizie zote mbili: maji yanayotoka upande wa majani ni masafi zaidi. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana watoto hawatajua kipi kimeleta nini.

Kwa maporomoko, tandaza bamba jembamba la udongo wa mfinyanzi mlalo juu ya mchanga, katikati ya njia ya mto, nawe ufukie pande zake. Maji yatapita juu ya udongo, yatadondokea kwenye mchanga ulio mbele yake na kuuchimba. Chini ya bamba patakuwa na uwazi, na baadaye ncha ya bamba inaweza kukatika. Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, hufanya kazi hivyo hivyo: mwamba mgumu juu, mwamba laini chini, na maporomoko yamekuwa yakirudi nyuma kuelekea yatokako maji. Katika miaka 12,000 hivi yamerudi nyuma karibu kilomita 11. Maporomoko ya Victoria kwenye mto Zambezi nayo yamerudi nyuma kwa kufuata nyufa za mwamba, ndiyo sababu chini yake kuna makorongo yanayokwenda kwa kukata kona, huku na huku.

Hapo pia ni mahali pazuri pa kuwazoesha watoto kuuliza "kubwa kwa namna gani?" Maporomoko ya Angel nchini Venezuela yana urefu wa mita 979, hakuna yanayoyafikia kati ya yale ya nchi kavu. Victoria yana mita 108 tu, lakini yamepanuka kilomita 1.7 na hujifanyia ukungu unaoonekana kutoka mbali. Waache wabishane lipi kubwa. Ubishi huo ni sehemu ya somo.

Na korongo? Ni mto ule ule uliopewa muda. Mto Colorado umelichimba Grand Canyon kwa miaka milioni tano au sita, na leo lina urefu wa kilomita 446, na mahali pengine kina chake kinapita kilomita 1.8.

Hatua ya 6: Jangwa bila kosa la kawaida

Muulize mtoto jangwa ni nini, atakwambia ni mahali penye joto na mchanga. Yote mawili si lazima. Jangwa ni mahali pakavu. Kipimo kinachotumika sana ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Chukua chupa yenye pande zilizonyooka, pima sentimita 25 kutoka chini kwa rula, chora mstari. Mvua ya mwaka mzima ikikusanywa humo haifiki hapo. Majangwa makali hayapati hata upana wa kidole.

Kwa kipimo hicho, jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, yenye kilomita za mraba milioni 14, maana theluji inayoanguka huko ni kidogo sana, ila haiyeyuki. Sahara, yenye milioni 9 na zaidi, ndilo jangwa kubwa la joto, na karibu robo yake tu ndiyo mchanga. Sehemu nyingine ni mawe, kokoto na miamba mitupu. Waonyeshe picha za Sahara yenye mawe, kwa sababu kila wanachokiona kwingine ni vichuguu vya mchanga.

Vichuguu hivyo vyenyewe wavitengeneze. Weka mchanga mkavu ndani ya boksi la karatasi lenye kingo ndefu, mtoto mmoja avae miwani, apulize kwa mrija kutoka upande mmoja, tena kwa utulivu. Wengine wasimame nyuma yake. Huu ndio usalama pekee katika mwongozo huu ambao sikubali uregezwe: mchanga machoni unaumiza. Upande wa upepo mchanga unapanda taratibu, upande wa pili unaporomoka kwa mteremko mkali. Mtoto akishajua hilo, anaweza kutazama picha ya jangwa la Namib na kukuonyesha kwa kidole upepo ulitoka wapi.

Hatua ya 7: Barafu, chumvi na matumbawe

Haya nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa majaribio yake ni mepesi.

Gandisha maji yenye mchanga chini yake, kisha mtoto aburute kile kibonge cha barafu, upande wa mchanga ukiwa chini, juu ya udongo laini. Kitaacha mikwaruzo mirefu. Mito ya barafu hukwangua miamba hivyo hivyo na kuchonga mabonde mapana. Kipande kingine cha barafu kiweke kwenye maji: karibu sehemu tisa kati ya kumi zimezama, na milima ya barafu baharini huwa hivyo.

Tia yai bichi kwenye glasi ya maji, litazama. Ongeza chumvi ukikoroga, vijiko kwa vijiko, mpaka yai lielee. Bahari ya Chumvi, kati ya Yordani na Israeli na Palestina, ina chumvi karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, na watu huelea juu yake bila kuogelea. Ufuko wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, hakuna nchi kavu iliyo chini zaidi ya hapo. Maji yakiingia hayana pa kutokea, hupanda hewani yakaacha chumvi. Acha glasi ile juani siku kadhaa, watoto waione chumvi ikibaki.

Matumbawe yapewe picha na udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto atengeneze kikombe kidogo cha ukubwa wa ukucha, wote wavigandamize pamoja, na siku inayofuata waongeze juu yake. Great Barrier Reef ya Australia imejengwa na viumbe wadogo namna hiyo, na ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,300.

Hatua ya 8: Kipimo kimoja kwa vyote

Namba kama 8,849 haimwambii mtoto kitu. Chukua kamba na mkubaliane: sentimita moja ni kilomita moja. Everest inakuwa karibu sentimita 9, Kilimanjaro karibu 6. Angel haifiki sentimita moja. Shimo la Mariana katika Pasifiki, mahali penye kina kuliko pote baharini, linafika karibu 11, kwa hiyo Everest ukiutumbukiza humo utazama wote. Ndege kubwa za abiria huruka sentimita 10 hadi 12 juu ya meza.

Sasa Naili. Kwa kipimo hicho hicho, kilomita 6,650 ni mita 66 na nusu. Tokeni nje, ifungueni kamba, watoto waitembee kutoka chanzo hadi baharini. Na dunia yenyewe? Mpira wenye upana wa mita 127, mkubwa kuliko uwanja wa mpira wa miguu, na mlima mrefu kuliko yote juu yake haufiki sentimita 9. Watu wazima wengi wakifika hapa nao hunyamaza.

Kwa wale wa miaka saba na nane kuna swali la ziada: ni mlima upi mrefu kuliko yote? Kutoka usawa wa bahari ni Everest. Kutoka kitako hadi kilele ni Mauna Kea wa Hawaii, wenye zaidi ya kilomita 10, ambao sehemu kubwa imezama. Na kilele kilicho mbali zaidi na kiini cha dunia ni cha Chimborazo, Ekwado, kwa kuwa dunia imevimba kidogo kiunoni, kwenye ikweta. Yote matatu ni kweli, kutegemea unaanzia wapi kupima.

Hatua ya 9: Sasa leteni ramani

Watoto wamekwisha kukutana na mlima, ufa, volkano, mto, jangwa. Majina sasa yana pa kukaa. Anza na tufe kabla ya ramani ya ukutani. Waguse, walizungushe, watambue kwamba karibu asilimia 71 ni maji. Waandike majina ya mahali walipopatengeneza kwenye vikaratasi na kuvibandika.

Kisha jaribuni kuufunika mpira wote kwa karatasi bapa. Karatasi itakunjamana kila upande. Ndiyo sababu ramani za ukutani hunyoosha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Katika ramani nyingi Greenland inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Rudini kwenye tufe mhakikishe kwa macho.

Hatua ya 10: Muda, hofu na maswali

Miaka milioni haimwingii mtoto mdogo, wala usimlazimishe. Sema "kabla hajawepo mtu hata mmoja", inatosha. Ndiyo maana Parícutin na Surtsey ni hazina: yalitokea wakati watu wazee walio hai leo walikwisha kuzaliwa. Ukiweza, mtoto amuulize mzee wa familia alikuwa na umri gani mwaka 1963.

Hofu itakuja, hasa usiku, baada ya somo la volkano. "Itatokea chini ya kitanda changu?" Jibu kwa ukweli na kwa utulivu. Volkano zina maeneo yake yanayojulikana, nyingi zikizunguka bahari ya Pasifiki. Hata Parícutin ilizuka katika nchi yenye volkano nyingi za zamani, na ardhi ilitetemeka kwa majuma kabla ya siku ile. Siku hizi wanasayansi wana vyombo vya kusikiliza mitetemo hiyo. Ikiwa mnaishi karibu na volkano, usimfiche. Mweleze nani anaitazama na familia yenu itaelekea wapi ikihitajika kuondoka. Mtoto mwoga zaidi aanze na mto, volkano aijie baadaye.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui na mtafute pamoja. Usibuni. Mtoto atalibeba jibu lako kwa miaka.

Ili kujua kama wameelewa, usiwape mtihani wa majina. Wape trei tupu na uwaambie watengeneze kisiwa chenye mlima, mto na delta, kisha wakuelezee kila kimoja kimefanywa na nini. Siku nyingine mwonyeshe mtoto picha ya mahali msipowahi kuzungumzia, umwache akisie. Akisema, "Hapa upepo ulitoka kushoto," au "Hili bonde limekwanguliwa na barafu," muulize ameona nini kilichomfanya afikiri hivyo, na umwache aonyeshe kwa kidole. Akikosea lakini akataja sababu aliyoiona kwenye picha, kubali hoja yake kwanza, kisha mrudi wote wawili kwenye mchanga mkaijaribu.